Wiki moja, kijiji kimoja: mwongozo kamili wa mapumziko ya kiangazi mashambani Ufaransa

Safari yangu ya kwanza ya kiangazi Ufaransa niliipanga kama mtu anayekimbizwa: siku tisa, miji saba. Nilirudi Mombasa na picha mia nane na mgongo ulioshikana, na kazini wakaniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Ya pili nilikwenda na dada yangu, baada ya kumuuguza mama kwa karibu miaka miwili. Tulikaa nyumba moja siku kumi, tukarudi tumenawiri. Mwongozo huu unatokana na safari hiyo ya pili. Nazungumzia bonde la mto Lot na nyanda za mawe za Quercy, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwa kuwa ndiko ninakokujua. Ukiamua kwenda Bourgogne au Auvergne, hatua nyingi zitakufaa vilevile.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi kabla ya mahali

Shule za Ufaransa hufungwa mwanzoni mwa Julai na kufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Wiki hizo nane Wafaransa wenyewe humiminika mashambani, bei za nyumba hupanda, na kila Jumamosi barabara kuu hufurika magari. Joto nalo lina siku zake. Wimbi la joto wanaliita *canicule*. Likiingia, kipimo hupita nyuzi 35 na nyumba nyingi za kijijini hazina kiyoyozi. Anayetaka kupumua aende nusu ya pili ya Juni au nusu ya kwanza ya Septemba.

Mimi naipenda Juni kwa sababu ya mwanga. Jua linachomoza kama saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, na linazama saa tatu na nusu usiku na ushei. Mtu aliyezoea jua letu, linalozama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hushangaa kuona watoto wakicheza mpira saa tatu usiku kweupe. Ukiwa Mwislamu, zingatia hili mapema: Maghrib ni baada ya saa tatu na nusu, Isha huingia karibu na saa tano au hata kukaribia saa sita kutegemea hesabu unayoifuata, na Alfajiri inakujia upesi. Usingizi wa usiku unakuwa mfupi, kwa hiyo kailula ya mchana ihesabu kuwa sehemu ya ratiba. Bahati njema, kule kijiji kizima hulala mchana.

Hatua ya pili: viza na karatasi

Ombi la viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo, zinazotumia viza moja) linapokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisipungue siku kumi na tano. Kwa safari ya kiangazi usingoje, maana miadi huisha. Anza Februari au Machi kwenye tovuti rasmi ya France-Visas. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya kuondoka kwako. Bima ya afya ya safari iwe ya kiwango kisichopungua euro 30,000.

Karatasi inayowasumbua wengi ni ya malazi. Ukikodi nyumba, mwenye nyumba akuandikie uthibitisho wenye jina lako, anwani na tarehe. Ukifikia kwa ndugu, yeye ndiye aende ofisi ya meya wa mji wake, *mairie*, aombe cheti kiitwacho *attestation d'accueil*, kisha akutumie cheti chenyewe halisi. Analipa stempu ya euro 30 na huenda akasubiri wiki kadhaa, hivyo mwambie mapema.

Kwa wenzetu wanaoishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania: kibali cha kuishi London hakikuingizi Ufaransa, viza ni lazima. Aliye na kibali cha kuishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen haihitaji, mradi kibali na pasipoti viwe hai.

Hatua ya tatu: nyumba, na hapa usiwe na haraka

Kuna aina nne za malazi.

*Gîte* ni nyumba nzima unayokodi na kujipikia. *Chambre d'hôtes* ni chumba ndani ya nyumba ya mwenyeji. Sheria haimruhusu kuwa na vyumba zaidi ya vitano, na kifunguakinywa kimo ndani ya bei. *Gîte d'étape* ni nyumba ya wapitanjia wanaotembea kwa miguu, na mara nyingi mnalala wengi chumba kimoja. Halafu kuna kambi za mahema, nyingine zikiwa mali ya kijiji chenyewe, ambazo ni za bei nafuu.

Kwa mapumziko ya kweli chagua *gîte*. Nyumba ndogo ya watu wanne mwezi wa Juni mara nyingi hupatikana kwa kati ya euro 400 na 700 kwa wiki. Agosti ongeza nyingi. Julai na Agosti wenye nyumba hukodisha Jumamosi hadi Jumamosi na hawapindi kirahisi, lakini Juni na Septemba unaweza kuomba kuanza Jumatatu.

Kabla ya kulipa, uliza maswali haya kwa maandishi: Shuka na taulo zimo kwenye bei? (Mara nyingi hazimo.) Usafi wa mwisho nafanya mwenyewe au nalipia? Amana ni kiasi gani, na inarudishwa lini? Kuta ni za mawe mazito? Swali hili la mwisho watu hulisahau, nami naliona kubwa kuliko yote. Nyumba ya zamani ya Quercy ina kuta nene za chokaa, na ndani yake kunabaki na ubaridi kama kwenye nyumba za kale za Lamu. Chumba cha darini chini ya vigae ni tanuri.

Kijiji gani? Ukiwa huna gari, nenda Cajarc. Kiko kando ya mto, kina maduka, kina mahali pa kuogelea, na basi la mkoa linaloitwa liO linapita hapo kati ya Cahors na Figeac. Ukiwa na gari, vijiji vya bonde dogo la Célé, kama Marcilhac-sur-Célé chenye magofu ya abasia (makao ya kale ya watawa), au Cabrerets chini ya majabali, vina utulivu usio na kifani. Saint-Cirq-Lapopie ni kizuri mno, kimekaa ukingoni mwa genge juu ya mto, na mwaka 2012 Wafaransa walikipigia kura kuwa kijiji wakipendacho kuliko vyote. Ndiyo sababu mchana hakikaliki. Kitembelee kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni, ukalale kwingine.

Hatua ya nne: kufika

Kutoka Nairobi kuna ndege za moja kwa moja hadi Paris, kama saa nane na kitu angani. Usiunganishe siku hiyohiyo kama unaweza kujizuia. Lala Paris usiku mmoja, kisha asubuhi panda treni ya Intercités kutoka stesheni ya Austerlitz hadi Cahors, safari ya zaidi ya saa tano. Njia hiyo ni kongwe na hufanyiwa matengenezo, kwa hiyo angalia ratiba tena wiki moja kabla. Njia nyingine ni kufika Toulouse kwa ndege au kwa treni ya kasi, kisha treni ya mkoa hadi Cahors, kama saa moja na robo.

Ukikodi gari, mambo manne. Wanaendesha upande wa kulia. Leseni yako iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva. Kibao chenye jina la kijiji na ukingo mwekundu maana yake ni kilomita 50 kwa saa, hata kama hakuna tarakimu yoyote iliyoandikwa. Jina lilelile likikatwa mstari mwekundu, umetoka kijijini. Na kwenye njia panda isiyo na alama, anayetoka kuliani mwako ana haki ya kupita kwanza, hata kama anatoka kwenye kijia kidogo kama cha mbuzi. Hilo la mwisho lilinitoa jasho siku mbili nzima.

Hatua ya tano: usifike Jumapili na mkoba mtupu

Sisi tulifika Jumapili jioni. Duka la mikate lilifungwa tangu saa sita na nusu mchana, duka la vyakula halikufunguliwa kabisa, na mkahawa pekee ulikuwa na kibao cha likizo. Tulikula biskuti za ndege na maji ya bomba. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alituona tukizungukazunguka uani, akatuletea mayai sita na nyanya kwenye kikapu bila kuulizwa.

Jifunze saa za kijiji kama unavyojifunza saa za maji kupwa na kujaa. Maduka hufunga kama saa sita na nusu na kufungua saa nane na nusu au saa tisa. Mikahawa hupokea wala chakula cha mchana kuanzia saa sita hadi saa saba na nusu. Ukifika saa nane utaambiwa jiko limezimwa. Cha usiku ni kuanzia saa moja na nusu. Duka la mikate hupumzika siku moja ya wiki, mara nyingi Jumatatu, na siku hiyo imeandikwa mlangoni. Sikukuu za kuangalia ni tarehe 14 Julai na 15 Agosti.

Na salamu. Hapa sisi Waswahili tuna bahati, kwa sababu kule kuna hodi kama kwetu. Unapoingia dukani unasema *Bonjour madame* au *Bonjour monsieur* kabla ya neno lolote. Ukitoka, *Merci, au revoir*. Mtalii anayeanza na "nataka mkate" anahudumiwa kwa uso mkavu, na si kwa chuki, ni kwamba ameingia bila hodi. Jioni salamu inageuka kuwa *bonsoir*. Kwenye vijia vya shambani msalimie kila unayepishana naye.

Hatua ya sita: soko

Soko la Cahors ni Jumatano na Jumamosi asubuhi, mbele ya kanisa kuu la Saint-Étienne. La Figeac ni Jumamosi, la Limogne-en-Quercy ni Jumapili. Fika saa mbili na nusu. Saa sita wanafungasha.

Nenda kwenye meza ya meloni. Meloni ya Quercy ni ndogo kama nazi iliyofuliwa, ngozi yake ya kijani kijivu imegawanyika kwa mistari, na nyama yake ina rangi ya chungwa. Usiibonyeze. Muuzaji atakuuliza jambo moja: ni ya kula mchana huu, usiku, au kesho? Mwambie, kisha mtazame. Anaziinua mojamoja kupima uzito mkononi, anatazama kikonyo kama kimeanza kupasuka pembeni, ananusa kitako chake, anakupa. Yangu ya "usiku" ilikuwa bado ngumu kidogo mchana, nikadhani nimepunjwa. Saa tatu usiku tuliipasua, maji yakatiririka hadi viwikoni. Tangu siku hiyo sikuchagua tena mwenyewe.

Nunua pia jibini ya mbuzi ya Rocamadour, kisahani chembamba cha gramu 35 hivi. Ikiwa changa ni laini kama malai. Ikikaa wiki mbili inakuwa kavu na kali. Nunua mafuta ya jozi kwa ajili ya kachumbari, na mkate mzito wa kijijini unaodumu siku tatu.

Kuhusu halali nitasema wazi. Quercy ni nchi ya bata, na mafuta ya bata yamo karibu kila sufuria: viazi, maharage, hata saladi huja na vipande vya firigisi. Nguruwe na mvinyo vimo kwenye michuzi bila kutajwa. Usitegemee bucha ya halali kijijini. Sisi tulinunua nyama Toulouse, tukaigandisha na kuibeba kwenye mfuko wa baridi; siku nyingine tukala samaki aina ya trauti, mayai na mboga. Mkahawani sentensi hii inatosha: *Je ne mange pas de porc, ni de viande, et pas d'alcool dans la sauce, s'il vous plaît*, yaani sili nguruwe wala nyama, na mchuzi usiwe na pombe, tafadhali. Iseme unapoweka nafasi, wapishi wapate muda wa kujipanga. Mlo wa mchana, *menu du jour*, ni kama euro 15 hadi 18, na maji ya bomba, *une carafe d'eau*, hayalipiwi.

Hatua ya saba: siku ziende hivi

Asubuhi toka kabla ya joto. Saa sita rudi. Funga milango ya mbao ya madirisha upande wa jua, acha nyumba iwe giza, ule, ulale. Saa kumi na moja nenda mtoni. Mambo ya kutazama yawe matatu au manne kwa safari nzima, si kwa siku. Haya ndiyo yetu.

La kwanza ni kutembea kutoka Bouziès hadi Saint-Cirq-Lapopie. Sehemu ya njia imechongwa ndani ya jabali, futi chache juu ya maji, kwa ajili ya watu waliovuta mashua za mizigo kwa kamba zama za biashara ya mtoni. Unatembea umeinamiwa na dari la mwamba, mto uko kando yako, na unajua kila hatua ilikatwa kwa nyundo. Ni kama saa moja na nusu kwenda. Uliza kwanza ofisi ya utalii kama njia iko wazi, kwa sababu huko mawe huporomoka.

La pili, na kama ni moja tu liwe hili, ni pango la Pech Merle, juu ya Cabrerets. Liligunduliwa mwaka 1922 na vijana wawili wa kijijini. Idadi ya wageni kwa siku ina kikomo, kwa hiyo weka nafasi siku kadhaa kabla, na beba shali kwa kuwa ndani ni nyuzi 12 hivi hata Julai. Taa inapowashwa unawaona farasi wawili wamepeana migongo, madoa meusi yamewajaa na hata kumwagika nje ya miili yao, na pembeni yao mikono ya binadamu iliyochorwa kwa kupulizia rangi kuzunguka vidole. Umri wake ni takriban miaka 29,000. Mbele kidogo, kwenye udongo ulioganda, kuna nyayo za miguu mitupu ya kijana. Dada yangu alinyoosha kiganja chake hewani kuelekea mkono ule ukutani, akaulinganisha kwa mbali, na hakusema kitu mpaka tulipotoka juani. Kisha akasema, "Vidole vya mama."

La tatu ni Figeac, mji alikozaliwa Jean-François Champollion mwaka 1790, aliyesoma maandishi ya kale ya Misri na kutangaza siri yake mwaka 1822. Nyumba alikozaliwa ni sehemu ya makumbusho ya maandishi ya dunia, na uani nyuma yake wamelaza nakala kubwa mno ya jiwe la Rosetta, lile lililomsaidia kuyasoma, ambayo unaikanyaga. Sisi tuliokua tukiona tenzi za mababu kwa herufi za Kiarabu tunaelewa haraka yanayosimuliwa mahali hapo.

La nne halina tiketi. Nyanda za juu za Quercy, mialoni mifupi na kuta za mawe yasiyo na saruji, ni kati ya sehemu zenye giza totoro kuliko zote Ufaransa. Panda huko usiku usio na mwezi, zima tochi, ngoja robo saa macho yazoee. Usiku wa tarehe 12 na 13 Agosti vimondo huwa vingi. Mchana, sehemu hizohizo, utawaona kondoo weupe wenye miduara myeusi kuzunguka macho kama waliovaa miwani.

Watu watakwambia uende pia shimo la Padirac ukapande mashua chini ya ardhi. Ni ajabu kweli, ila Agosti foleni yake itakuondolea mapumziko ya siku mbili.

Hatua ya nane: mwili wako

Beba maji lita moja na nusu kwa kila matembezi. Yakiisha, tafuta makaburi ya kijiji: karibu yote yana bomba, na wapitanjia wote wanajua. Bomba lenye kibao *eau non potable* usinywe.

Kupe wapo kwenye nyasi ndefu na wengine wanaambukiza ugonjwa wa Lyme. Vaa soksi juu ya suruali, jikague kila jioni kwapani na nyuma ya magoti, na umwondoe kwa kifaa kidogo cha plastiki kinachouzwa famasi, mahali penye msalaba wa kijani. Doa jekundu likipanuka siku zinazofuata, muone daktari.

Mtoni, ogelea palipo na mlinzi. Juu ya mto Lot kuna mabwawa ya umeme, na maji yakifunguliwa mkondo hubadilika huku mbingu ni kavu. Leso mbili zinatosha: moja ya kukalia, moja ya kujifuta. Dharura yoyote piga 112. Daktari wa dharura 15. Zimamoto 18, na ndio wanaofika kwanza vijijini.

Hatua ya tisa: kuondoka

Funguo hurudishwa kama saa nne asubuhi. Safisha jiko usiku wa kabla, toa takataka kwenye mapipa ya pamoja barabarani, piga picha ya mita ya umeme, na pitia nyumba pamoja na mwenyeji kabla ya kuaga, amana isije ikawa mzozo.

Siku za mwisho nunua zafarani. Quercy wanailima, na kwenye masoko ya Cajarc na Limogne inauzwa kwa vichupa vya gramu au nusu gramu. Ni ghali, kwa hiyo nunua kidogo. Mama aliyetuuzia alitusisitiza jambo ambalo wapishi wetu wa biriani wanalijua lakini tunalifanya kwa haraka: ziloweke nyuzi kwenye maji vuguvugu au maziwa tangu usiku wa kuamkia siku ya kupika. Kichupa chetu kilitosha biriani tatu. Ya kwanza tuliipika arobaini ya mama yetu.